Kamba wa eafraya wanatoka na maji na wagumu, nakosea wapi?

Swali: "Chef habari za kazi. Nimenunua eafraya ya lita 4, nikaenda Feri nikachukua kamba kilo moja, nikawamenya vizuri nikawaroweka na ndimu mbili, kitunguu saumu na tangawizi ya kutwanga, chumvi na mchuzi mix, hiyo ilikuwa saa nne asubuhi. Jioni saa kumi na mbili nikawamwaga wote kwenye kikapu, digrii 180 dakika 15. Wametoka wanaogelea kwenye maji, hawana rangi, wagumu wanavutika mdomoni na kitunguu saumu kimeungua kichungu. Nakosea wapi? Na swali lingine, mume wangu akila kamba midomo inamuwasha kidogo, jirani kaniambia wakipikwa kwa eafraya hiyo hali inaisha, ni kweli?" Dada wa Mbezi.

Jibu:

Nzuri dada yangu, na asante kwa kuandika mpaka saa na digrii, wengi wananiletea "chef kamba wamekataa" basi, sasa hapo mi ntajuaje. Kwa maelezo yako eafraya yako haina tatizo kabisa. Tatizo la kwanza ni ndimu, la pili ni kilo nzima kwenye kikapu kimoja, la tatu ni zile dakika 15, na yote matatu yanaishia sehemu moja: maji yaliyokuwa ndani ya kamba yametoka nje halafu yamekosa pa kwenda.

Tuanze na ndimu maana hapa najua ntagombana na watu. Sisi wa pwani tumelelewa hivo, chochote kinachotoka baharini lazima kipakwe ndimu, na kwa kipande cha jodari au changu mzima haina shida sana, ile nyama ni nene. Kamba aliyemenywa ni mdogo, mlaini, hana ngozi ya kumkinga. Asidi ya ndimu inaifanyia protini karibu kazi ile ile inayofanywa na moto, yani inaikaza, nyama inageuka nyeupe na kuanza kutema maji. Wenzetu wa Peru wana chakula kinaitwa seviche, samaki mbichi anaiva rangi kwa ndimu tupu bila moto, na siku hizi wapishi wengi wa kule wanamuacha dakika chache tu. We kamba wako umewaacha masaa manane! Yani walishakazwa na ndimu kabla hujachomeka waya ukutani, ulipowaweka kwenye moto ukawa unawakaza mara ya pili. Kwahiyo ndimu kwa kamba wa eafraya inakuja mwishoni, wakishatoka, moto moto, hapo unakamulia na harufu yake utaisikia yote. Ile ya kuroweka asubuhi mpaka jioni achana nayo.

Najua utauliza shombo je. Kamba mzuri hana shombo kali, ananukia bahari basi. Ukitaka amani ya moyo wasugue na chumvi na maji baridi haraka haraka, suuza, imeisha. Kama ni lazima ndimu iguse basi ipake dakika moja uisuuze, usiiache. Ila kamba akianza kutoa harufu ya amonia, ile inayochoma pua, huyo hata ndimu ndoo nzima haimrudishi, mtupe.

Hapo hapo niseme kidogo kuhusu kununua, maana nusu ya kazi iko Feri. Kamba wetu wengi wanatoka Rufiji na pande za Bagamoyo, kule mito inakomwagia maji baharini kwenye mikoko, wamepanda boti wamepanda gari ndo wakafika kwenye meza. Angalia kichwa kama kimeshika vizuri kwenye mwili, ganda linang'aa halitelezi, macho meusi hayajasinyaa. Kichwa kikianza kuwa cheusi sio lazima awe ameoza, ni kimeng'enya chake mwenyewe kinachokutana na hewa, kama parachichi ulilolikata ukaliacha mezani, ila inakwambia huyu bwana amekaa. Na kitu ambacho wauzaji hawakwambii, ndani ya kile kichwa kuna tezi ya kumeng'enyea chakula, na kamba akishakufa vile vimeng'enya vinaanza kula nyama yake mwenyewe kuanzia pale shingoni, ndo maana unakutana na kamba nyama yake kama uji. Kwahiyo kutoka Feri mpaka Mbezi na foleni ya Mwenge ile, waambie vijana wakutolee vichwa pale pale na uwe na barafu ya kutosha kwenye ndoo, barafu juu na chini. Vichwa vibebe pembeni kwenye barafu yake, supu yake tamu mno usiviache. Ukiwa Mombasa au Malindi habari ni hiyo hiyo, kamba wa Ungwana na Kipini nao wanataka barafu.

Haya, nyumbani. Menya, acha mkia tu wa kushikia, pasua mgongo kidogo kwa kisu utoe ule uzi mweusi. Ule ni utumbo, hauui mtu, ila una mchanga na mchanga kwenye jino unaharibu hamu ya chakula chote.

Sasa chumvi. Kwa nusu kilo ya kamba waliomenywa weka chumvi nusu kijiko cha chai na beking soda robo kijiko cha chai, changanya kwa mkono, ingiza kwenye friji dakika 20. Beking soda nasema, ile soda tupu ya bikaboneti, sio beking pauda, na tafadhali sio magadi ya kupikia maharage, yale ni makali utaisikia ladha ya sabuni. Soda inafanya kinyume cha ndimu: inapunguza asidi kwenye nyama, protini zinapokutana na moto hazijikazi sana, kwahiyo maji yanabaki ndani, na ukiuma kamba anatoa ule mlio wa "kra" ambao watu wanaufuata kwenye mahoteli ya Kichina. Usizidishe kipimo na usiwasahau humo.

Wakitoka kwenye friji, wakaushe. Hapa ndo watu wanapaona pa kijinga wanaparuka, nami nakwambia ukiparuka mengine yote niliyoandika hayana kazi. Chukua tishu za jikoni au taulo safi ya pamba, watandaze, wafunike, bonyeza mpaka hawana unyevu juu. Sababu ni hii: kamba zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji, na maji yakiwa juu ya nyama, nyama haipandi moto zaidi ya digrii 100 mpaka yakauke, wakati rangi ya kahawia na ile harufu ya kuchoma inaanza kama kwenye 140 hivi kwenda mbele. Kamba mbichi mwenye maji juu anatumia dakika zote kukausha yale maji, akifika kuanza kupata rangi ndani ameshapitiliza zamani.

Eafraya yenyewe, tusidanganyane, ni oveni ndogo yenye feni. Kuna waya wa moto juu, feni inasukuma hewa ya moto ishuke, ipite kwenye matundu ya kikapu, izunguke ipande tena. Hewa ikizunguka inabeba unyevu inautoa. Ukijaza kilo nzima kwenye kikapu cha lita 4, kamba juu ya kamba, hewa haipiti, mvuke unabaki katikati, na hapo hukaangi tena, unachemsha. Ndo ule mchuzi uliouona chini. Kwa kikapu chako nadhani gramu 250 hadi 300 kwa mkupuo ndo kiasi, tabaka moja, wasilaliane. Kilo yako ikishatoka vichwa na maganda inabaki pungufu, lakini bado ni mikupuo miwili hadi mitatu, na kila mkupuo ni dakika sita hivi kwahiyo hupotezi muda wowote wa maana. Na usizibe matundu na foili chini, nimeona watu wanafanya hivo eti kikapu kisichafuke, sasa hewa ipite wapi? Foili ikiwa nyepesi feni inaweza hata kuirusha ikagusa ule waya.

Viungo sasa. Kitunguu saumu kibichi na tangawizi ya kutwanga haviwezi kukaa digrii 200 juu ya kamba, vinaungua kabla kamba hajaiva, ndo ule uchungu. Tumia vya unga. Kwa nusu kilo mi naweka paprika kijiko cha chai kimoja, kitunguu saumu cha unga nusu kijiko, tangawizi ya unga robo, bizari nyembamba robo, manjano robo, pilipili manga ya kusaga pale pale, na pilipili kali ya unga kila mtu na roho yake. Chumvi usiongeze, umeshaweka. Na mchuzi mix hapa usitie, ina chumvi nyingi na unga wa kufanya mchuzi uwe mzito, kwenye kikapu ule unga unavuta maji unakuwa utando wa kunata. Sukari na asali pia hapana mwanzoni, zinaungua, kama unapenda utamu paka asali dakika ya mwisho.

Ila usinyunyize viungo vikavu moja kwa moja kwenye kamba. Vichanganye kwanza na mafuta kijiko kikubwa kimoja, koroga ndo umwagie kamba. Rangi ya manjano na ukali wa pilipili vinayeyuka kwenye mafuta, havipendi maji, kwahiyo mafuta ndo yanavisambaza kila kona, na feni haipati vumbi la kupeperusha. Mafuta ya alizeti yanatosha, ya nazi yanaleta harufu nzuri ya kwetu. Zile dawa za mafuta za kupuliza za kopo achana nazo, nyingi zina lesithini inayoganda kwenye kikapu na kuharibu ile rangi isiyoshika.

Washa eafraya tupu digrii 200 dakika 3 mpaka 4 ipate moto. Weka kamba, sikia wanachachatika kidogo, ndo dalili nzuri. Kamba wa kawaida waliomenywa dakika 5 hadi 6, katikati tikisa kikapu mara moja. Jumbo waliomenywa 6 hadi 8. Jumbo wenye maganda 7 hadi 9, wakiwa na vichwa sogeza dakika moja. Ila saa ni makisio tu, tumia macho: fungua dakika ya nne utazame. Kamba akiiva ile rangi ya kijivu inageuka nyekundu ya machungwa (rangi hiyo alikuwa nayo tangu mwanzo, ilikuwa imefichwa na protini, moto unaifungua), nyama inaacha kuonekana kama kioo inakuwa nyeupe mpaka sehemu nene ya shingo, na mwili unakunjika nusu duara. Akijikunja mpaka mkia unagusa shingo, huyo umemuonea. Kama una kipimajoto cha jikoni, Marekani mamlaka zao za chakula wanasema samaki na kamba wafike digrii 63 katikati. Na watoe wakiwa ndo kwanza wamefika, moto unaendelea kuwapika hata kwenye sahani.

Kitu kingine ambacho vitabu vya Ulaya havikuandikii ni umeme wetu. Saa kumi na mbili jioni kila nyumba inapika, umeme unashuka. Waya wa moto ukipata volti 180 badala ya 230 unatoa karibu asilimia 60 tu ya nguvu yake, mana nguvu inashuka kwa kasi kuliko volti. Kwahiyo ukiona taa inafifia na feni imepoa sauti, usiamini namba iliyoandikwa kwenye kioo, acha ipate moto muda mrefu zaidi, punguza kamba kwenye kikapu. Na usichomeke kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na friji na birika, eafraya ya wati 1500 inavuta karibu ampea 6 na nusu, ule waya wa bei rahisi unapata joto. Kuhusu LUKU usiwe na hofu, wati 1500 kwa robo saa ni chini ya nusu uniti.

Wakati mkupuo wa mwisho uko ndani, chukua kikaango kidogo, siagi vijiko vikubwa viwili, moto mdogo kabisa, tia punje tatu za kitunguu saumu kibichi na tangawizi yako ya kutwanga, dakika moja tu mpaka kinukie, zima. Hapo ndo vile vibichi vyako vinapata nafasi yao. Kamba wakitoka wote watupe humo, kamulia ndimu nusu, tupia giligilani iliyokatwa, geuza mara mbili tatu, mezani. Wale wa mkupuo wa kwanza waliokuwa wamepoa watapata joto humo humo, usiwarudishe kwenye eafraya. Wali wa nazi na kachumbari yenye pilipili mbuzi, au chapati, mi nachagua wali.

Kama ulikuwa unawaza kamba wa kuchovya kwenye uji wa unga na yai kama bajia, kwenye eafraya haiendi, ule uji unadondoka kwenye matundu kabla haujashika. Wapitishe kwenye unga mkavu wa ngano au mchele, halafu yai, halafu chenga za mkate zilizochanganywa na mafuta kidogo, hiyo itatoka kavu na inavunjika vizuri. Haitakuwa sawa na ya kudidimiza kwenye karai la mafuta, anayekwambia ni sawa anauza eafraya. Na kamba wa nazi pia ni kazi ya sufuria, au pika tui lako liwe zito na viungo vyake alafu kamba wa eafraya waingie sekunde za mwisho.

Wa friza: wayeyushe usiku kucha kwenye friji, ukiwa na haraka mfuko umefungwa kwenye maji baridi dakika 20, maji ya moto hapana, wataanza kuiva nje. Hao wa friza wanatoa maji kuliko wabichi kwahiyo kukausha ni mara mbili. Ukinunua supamaketi soma nyuma ya pakiti, wengine wameshawekewa chumvi au fosfeti ya kushika maji, hao chumvi yako punguza nusu na soda usiweke. Na kama tayari wana rangi ya pinki wameshapikwa, unawapasha tu dakika 2 hadi 3, ukiwapika upya ndo unarudi kule kule kwenye wagumu. Waliobaki waingie friji ndani ya masaa mawili, na kwa joto la Dar la Januari fanya lisaa limoja.

Sasa mzee nyumbani, na hapa dada naomba unisikilize kuliko yote niliyosema juu. Jirani kakudanganya. Midomo kuwasha baada ya kula kamba inaweza kuwa aleji, na protini inayosababisha, tropomaiosini, haivunjiki kwa moto, uchemshe, uchome, ukaange, utumie eafraya, iko pale pale. Leo inawasha kidogo haina maana kesho itakuwa kidogo, mtu anaweza kukaa miaka na midomo inayowasha halafu siku moja koo linavimba, pumzi inakata. Aache kwanza kamba, kaa na kambakochi pia maana wana protini ya aina hiyo hiyo, aende hospitali apimwe. Kuna wengine shida yao sio kamba mwenyewe bali ni salfaiti inayowekwa kwenye baadhi ya kamba wa viwandani wasiwe weusi, hasa wenye pumu, ila hilo daktari ndo atalitenganisha, sio mimi wala jirani. Akivimba uso au koo au akianza kupumua kwa shida msisubiri maziwa wala maji ya nazi, mkimbizeni hospitali muda huo huo.

Na mpaka apimwe, akitaka chipsi zake za eafraya kikapu kioshwe kwanza kwa sabuni na maji ya moto pamoja na ile sahani ya chini inayokusanya mafuta, au zake zipikwe kabla ya kamba kuingia. Mafuta yaliyopikiwa kamba asitumie kabisa, na yule wa kumpakulia atumie kijiko kingine.